Kabla ya Muhuri, Njooni Mkae Kwangu Usiku Mmoja

Kwa waheshimiwa wajumbe wa kamati inayotoa leseni za vileo, Lamu.

Assalamu alaykum.

Mimi ni nahodha. Mashua yangu hulala mbele ya mji, si mbali na gati, na riziki yangu ni kutembeza wageni: asubuhi kuvua na kuchoma samaki kisiwani Manda, jioni kuwapeleka kutazama jua likizama. Nawatajia kazi yangu mapema kwa sababu kuna jambo nataka mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa mwingine. Mashuani mwangu mna kasha la barafu, na ndani ya kasha hilo, mgeni akitaka, huwa mna bia. Huja nazo wenyewe, nami huwawekea barafu. Sinywi, na nimeshindana na nafsi yangu juu ya jambo hilo miaka mingi, lakini sitajifanya leo sijui chupa hufunguliwa vipi. Kwa hivyo atakayewaambia kwamba barua hii imeandikwa na mtu asiyetaka kumwona mgeni akinywa Lamu, amekosea nyumba.

Ninaloandikia ni lile ombi la jengo la Usita wa Pwani, ile barabara ya pwani, upande wetu wa Mkomani. Mnalo mezani: chini mkahawa, ghorofa ya kati baa, na juu kabisa, paani, mahali pa wazi pa kukaa, penye muziki na upepo wa mkondo wa Manda. Mwombaji simjui kwa ubaya. Amelikarabati jengo vizuri, kwa chokaa na boriti badala ya saruji, na hilo peke yake si dogo siku hizi. Tukikutana tunasalimiana.

Lakini nauliza: jengo hilo mlilitazama mkiwa wapi? Wengi hulitazama kutoka baharini, au kutoka barabarani pale pwani. Ukilitazama kutoka huko, liko peke yake, limeelekea maji, halina jirani ila minazi na mashua. Nyuma yake hapaonekani. Na nyuma yake ndiko tuliko sisi.

Zamani hata pwani hiyo haikuwepo. Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, ndio uliokuwa ukingo wa mji, na bahari ilifika karibu na milango ya watu. Hii barabara ya pwani tunayotembea leo ni ardhi iliyojazwa katika karne ya 19, majengo ya mbele yakajengwa juu yake, na mji wa zamani ukabaki nyuma, umebanana, nyumba na nyumba, kwa vichochoro ambavyo punda mwenye shogi akipita, wewe hujibana ukutani. Kutoka ukuta wa nyuma wa jengo hilo hadi mlango wangu ni hatua kumi na tisa. Nimezihesabu kwa hatua zangu, na mimi si mrefu.

Nyumba yangu ni ya mawe, ya urithi, kama nyingi za mtaa huu. Ukiingia unakutana na daka, kibaraza cha mlangoni, halafu unakata kona, ili aliye mlangoni asione ndani. Kisha kiwanda. Nasema kiwanda kwa maana yetu, ule ua wa katikati ulio wazi juu, si cha kutengeneza sabuni. Kiwandani ndiko mwanga unakoingilia, na hewa, na mvua, na sauti za jirani. Vyumba vyote vimekielekea: msana, kisha ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Nje hakuna dirisha la maana. Ukuta wa matumbawe una unene wa dhiraa moja na zaidi, na punda akilia kichochoroni husikii ila kama yuko mtaa wa pili. Fundi aliyejenga nyumba hizi alimwogopa jirani mwenye jicho. Jirani mwenye spika hakuwahi kumwota.

Maana sauti inayotoka juu ya paa la mtu haigongi ukuta wangu. Inapita juu yake na kuanguka kiwandani kama ndoo ya maji, na ikishaanguka haina pa kutokea. Inazunguka chumba kwa chumba. Nyumba za aina hii hazina dirisha la kufunga. Ningeweza kufunika kiwanda kwa mabati, ndiyo, halafu nikaishi gizani na joto, na watu wa makumbusho wakaja kuniuliza kwa haki kabisa nimefanya nini.

Haya si ya kudhania. Mwisho wa mwaka uliopita palifanyika sherehe juu ya paa hilo, usiku tatu mfululizo. Sikulalamika usiku wa kwanza. Mwaka mpya, watu wamekuja kutoka mbali, acha wafurahi. Binti yangu alikuwa juu na mtoto wa siku kumi na moja, yumo arobaini. Mama yangu, aliyepita miaka themanini, alikuwa chini, kwa sababu ngazi zimemshinda. Saa sita zilipopita aliniita akaniuliza, "Kuna nini leo, mbona mui haulali?" Nikamwambia ni mwaka mpya, mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wa nani?"

Usiku wa pili, yapata saa saba, niliona usingizi hauji, nikashuka kutawadha. Birika letu bado ni lile la zamani, la chokaa, na chini yake limepachikwa bakuli la kauri ambalo bibi yangu aliliita la Uchina. Ndani yake tunafuga visamaki vidogo, vinakula viluwiluwi vya mbu. Nyumba nyingi za mji zilikuwa na desturi hiyo. Nikawasha tochi ya simu. Maji yalikuwa yakitetemeka. Hakuna aliyeyagusa, kata iko juu ya ukingo imekauka, na uso wa maji unafanya miduara, mmoja baada ya mwingine, dum, dum, dum, kwa kila pigo la ngoma ya huko paani. Visamaki vyote vimejikusanya ndani ya bakuli, chini kabisa, vimebanana kichwa kwa kichwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nimewahi kuona maji yakitetemeka namna ile mara moja tu, injini ya meli kubwa ilipopita karibu na mashua.

Usiku wa tatu nilivaa kanzu nikaenda. Mlangoni nilimkuta kijana aliyekuwa baharia wangu misimu miwili, kijana mzuri, anajua tanga.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, baba. Kuna mtoto mchanga ndani. Waambie wapunguze."

Akapanda mbio. Muziki ukashuka kweli, nikasikia hata sauti ya viatu vyangu kichochoroni. Nilipofika kwangu, kabla sijavua kofia, ukapanda tena. Siku mbili baadaye kijana alikuja barazani kuniomba radhi. Aliniambia wateja walimfokea, walisema wamelipa, na aliyeshika mitambo si wa hapa. "Nahodha," akasema, "mimi ni mtu wa mlangoni tu."

Neno hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwombaji ameahidi kwamba sauti itadhibitiwa, nami naamini anakusudia hivyo. Lakini yeye hatakuwepo saa nne usiku. Atakuwepo mtu wa mlangoni, na mtu wa mlangoni analipwa na wale anaotakiwa kuwanyamazisha.

Sasa niingie kwenye sheria kidogo, japo sikusomea. Hii Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi bado huiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo aliyeipeleka bungeni, inaziruhusu baa kufungua siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na mwisho wa wiki na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Watu wakisikia saa tano husema, aa, si mbaya, ni mapema. Lakini kuna kanuni nyingine, za kelele, za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira. Hizo zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi ya watu ni desibeli 35. Mtu akikunong'oneza sikioni ni kama 30. Maana yake leseni ikitolewa, kila siku kutakuwa na saa tatu, saa mbili hadi saa tano, ambazo baa ina haki ya kuwa wazi na haina haki ya kusikika. Nani anaendesha baa ya paani kwa kunong'ona? Hata bila muziki, meza sita za watu waliofurahi haziwezi.

Na msisahau upepo. Hili nalijua kuliko sheria. Sisi pepo zetu kubwa ni mbili, na hakuna hata moja inayoichukua kelele ya pwani na kuipeleka baharini ikapotee. Kusi husukuma sauti upande wa kwetu Mkomani na kwenda mbele. Kaskazi huirudisha upande wa Langoni. Katikati, siku za matlai, pakitulia, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sauti juu ya maji haina pa kujikwaa. Nikiwa nimetia nanga ng'ambo usiku wa shwari, nasikia watu wakibishana bei ya samaki gatini. Mjumbe atakayekuja kupima mchana wa Kusi kali, mawimbi yanapiga ukuta wa pwani na tanga zinapasua, ataandika kwamba hakusikia kitu, naye atakuwa amesema kweli.

Sheria hiyohiyo ya 2010 inasema pia kwamba mahali pa kunywea pasiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari, au mahali pengine pa kusomea watoto walio chini ya miaka 18. Someni tena maneno hayo ya mwisho. Kwetu mtoto kabla ya shule huenda chuoni, na akirudi shule hurudi chuoni, kusoma Kurani. Chuo hakina bendera mlangoni wala kengele. Kina mwalimu, mkeka, na watoto thelathini wanaosoma kwa sauti. Nilimpa mjukuu wangu mkubwa bikari na karatasi. Duara la mita 300 lina ukubwa wa hekta 28 hivi. Jengo liko ukingoni mwa maji, kwa hivyo nusu ya duara inaangukia baharini, inabaki kama hekta 14 za nchi kavu. Mji Mkongwe wote, ule ulioandikwa UNESCO, ni kama hekta 16. Mji ni mwembamba na mrefu, kwa hivyo duara haliumezi wote, lakini tafadhali mtumeni mtu atembee ndani ya hizo 14 kwa miguu, saa kumi alasiri, akihesabu vyuo kwa masikio. Asitumie ramani ya shule za serikali peke yake.

Nimetaja UNESCO, na najua wengine mkilisikia jina hilo mnachoka. Hata mimi huchoka. Kila anayetaka kuzuia dirisha la jirani hukimbilia huko. Ila kuna jambo moja husahaulika. Mji huu ulitangazwa kuwa wa kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia, na si kwa mawe na milango tu. Sababu mojawapo iliyoandikwa ni kwamba Lamu ni mahali pa elimu ya dini na ya utamaduni wa Kiswahili, na kwamba kazi hiyo haijafa, inaendelea. Kwa hivyo mwombaji anaposema amehifadhi jengo, ni kweli, amehifadhi boriti. Lakini kilichoandikwa si boriti peke yake. Ni pamoja na yule mtoto wa chuoni, na utulivu anaohitaji ili ashike juzuu yake.

Jambo jingine, na hapa naomba mnivumilie nikae nalo kidogo, ni ile pwani yenyewe.

Kwenye ombi inaitwa "mbele ya bahari", kama kwamba ni ua wa jengo. Pale mbele si ua wa mtu. Ni barabara, ni bandari, ni baraza. Asubuhi hamali wanateremsha saruji na unga, punda wamejipanga. Alasiri wazee wanakaa kwenye ukuta, kila mmoja na mahali pake, na ole wako ukae pa mwenzako. Baada ya isha, hasa miezi ya joto, ndio wakati wa wanawake. Wanatoka wawili wawili, watatu watatu, na mabuibui yao na watoto, wanatembea kuanzia upande wa Langoni hadi mwisho wa Mkomani kupunga upepo, wanarudi. Wanawake wengi wa mji huu mchana hawapiti pwani kabisa, hupita ndani, kwa Usita wa Mui. Muda ule mfupi wa usiku ndio bahari yao. Hakuna aliyewaandikia ruhusa, wala hawatakuja kwenye mkutano wenu kuitetea. Baa ikifunguliwa pale, wenye viti watasogea hadi ukutani, kwa sababu ndipo penye upepo, na watu wataketi na chupa mkononi wakitazama wapitao. Hawatasema neno baya, pengine. Hawahitaji kusema. Baada ya mwezi mmoja hamtawaona tena wanawake pale, na hakuna atakayeandika popote kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Halafu chupa. Maji yakitoka, hasa bamvua, mashua zetu hulala matopeni mbele ya jengo hilo hilo. Ndipo tunapozigeuza ubavu, tunazipara, tunazitia kalafati, tunazipaka shahamu na chokaa. Kazi hiyo hufanywa miguu mitupu, kwa sababu kiatu hubaki topeni. Wiki moja baada ya zile usiku tatu nilikuwa chini ya mashua yangu, nimepiga magoti, nikahisi kitu cha baridi kisiginoni. Haikuuma. Niliona kwanza tope limegeuka rangi. Shingo ya chupa, ya kijani, imesimama topeni wima kama jino. Mishono minne. Nawaonyesha kovu nikiitwa. Siwezi kuapa chupa ilitoka paani. Inaweza kuwa ilitoka kwenye mashua, hata ya kwangu. Nimekubali hilo, na tangu siku ile kila chupa inayoingia kashani naihesabu, na kila inayotoka naihesabu. Lakini mimi nina kasha moja.

Najua yanayosemwa upande wa pili, kwa sababu yanasemwa barazani kwangu, na wanaoyasema ni watu ninaowapenda.

La kwanza ni kazi. Vijana hawana kazi, na hilo si uongo. Tangu zile kafyu za 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kisha korona, kuna misimu mashua yangu imelala hadi kalafati ikakauka. Simlaumu kijana wa mlangoni. Ila wageni wangu nawauliza, ni desturi yangu, jioni tukirudi: mmependa nini Lamu? Miaka yote hiyo hajatokea hata mmoja akaniambia baa. Wanasema kimya. Wanasema hakuna magari. Wanasema waliamshwa na adhana na hawakukasirika. Wengi wao hulala kwenye nyumba za kukodisha za mtaa wetu huu huu, nyumba zenye viwanda kama changu, na zile usiku tatu jirani yangu anayepangisha vyumba alihamwa na wageni wawili kabla siku zao hazijaisha. Walikwenda Shela, kijiji cha jirani. Hiyo nayo ni kazi: ya mpishi, ya mfuaji, ya anayebeba mizigo kutoka gatini.

Mtu mmoja alinitolea methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Nikamjibu kwamba mwenyeji ninayemjua mimi yuko chini pale, ana miaka themanini na zaidi, na hajalala.

La pili ni adhana. Ati mbona misikiti ina vipaza sauti na hatusemi? Hili linaniudhi na pia lina ukweli, niseme wazi. Msikiti mmoja wa karibu uliwahi kuweka vipaza sauti vikubwa mno hata watoto wakawa wanalia alfajiri. Tulikwenda, tukazungumza na wakubwa wa msikiti, vikageuzwa, vikapunguzwa. Ilichukua kikombe kimoja cha kahawa. Adhana ni dakika chache, na mwenye kipaza sauti namjua jina, ananijua jina, na anaishi mtaa huu. Na harusi je? Harusi ni usiku wa watu ninaowajua, nimealikwa, na kesho kumekwisha. Hii leseni ni ya miezi kumi na miwili, na baada yake huhuishwa. Sijapata kusikia hapa kwetu baa iliyofunguliwa kisha ikafungwa kwa sababu jirani hakulala.

Msije mkadhani nataka baa hii mwipeleke kwa wengine. Shela nako ni watu, na mitaa ya nyuma yenye nyumba za makuti nayo ni watu, tena wao hata ukuta wa mawe hawana. Hoteli zenye viwanja na kuta, ambazo wageni hunywa ndani ya uzio na anayelalamika ni mgeni mwenyewe, zipo, na sina neno nazo. Ninachokataa ni mahali hapa, paa hili, hatua kumi na tisa.

Kwa hivyo ombi langu ni mkatae leseni ya baa kwa jengo hilo, na mumwachie mkahawa wake. Nitakuwa mteja wake wa kwanza, nitaleta na wageni. Kaa na pweza akiwapika vizuri hatahitaji spika. Na kama mtaona hoja zangu hazitoshi na mkaitoa, basi haya muyaandike kwenye leseni yenyewe, si mdomoni: pasiwe na muziki wala viti paani baada ya saa mbili, kiti kisivuke barabara kwenda ukutani, chupa isitoke mlangoni, na pawepo nambari ya simu ya mtu mwenye uwezo wa kuzima mitambo, ibandikwe nje, si ya mtu wa mlangoni.

Kuna moja la utaratibu. Sheria inataka ombi litangazwe kabla ya kikao ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mimi nimepata habari barazani, siku zimeshakwenda nyingi. Tangazo la namna hii, kwa mji huu, lisomwe kwa Kiswahili msikitini baada ya Ijumaa, na apewe mtu wa kulipeleka nyumba kwa nyumba kwa wanawake. Mama yangu hasomi ukutani.

Na kabla hamjakaa kikao, njooni. Si mchana. Njooni Alhamisi au Ijumaa baada ya isha, wawili au watatu, bila msafara. Mwambieni mwombaji awashe spika zake kama anavyokusudia kuziwasha, asipunguze kwa ajili yenu. Nitatandika mkeka kiwandani, kutakuwa na kahawa na halua, na mama atawauliza ninyi ni wana wa nani, mjiandae. Mkitaka kuona birika nitawashikia tochi. Kaeni hadi saa tano.

Kichochoro hakina taa tangu mwezi uliopita, kwa hivyo nitamtuma mjukuu awangoje pale penye kona ya Usita wa Mui. Na mkifika mlangoni kwangu inueni mguu. Kizingiti ni kirefu.

Nahodha wa Mkomani,
Lamu